Aiskrimu ya nanasi ya Magic Kingdom: maziwa ndiyo yaliyokuponza, mama

Swali

Mwanangu, habari za jikoni? Mwaka jana binti yangu anayekaa Orlando alinipeleka Magic Kingdom, ile bustani ya michezo ya Disney, pamoja na watoto. Mengi ya kule nimeshayasahau, ila kile kikombe cha aiskrimu ya nanasi wanayoiita Dole Whip sijakisahau. Sasa niko nyumbani Tanga, wajukuu wanakuja Desemba, nikasema niwatengenezee. Nilisaga nanasi bivu na maziwa freshi ya ng'ombe na sukari, nikaweka kwenye friza usiku kucha. Asubuhi nikakuta jiwe. Lilipolainika nikaonja: chungu, tena maziwa yamekatika. Nanasi lenyewe lilikuwa tamu, nililionja kabla ya kusaga. Nimekosea wapi? Mashine ya aiskrimu sina, nina blenda na friza tu.

Bibi wa watatu, Tanga

Jibu

Shikamoo mama.

Nanasi lako halina kosa, na mkono wako hauna kosa. Kilichokuponza ni maziwa. Na ajabu yake ni kwamba kile kikombe ulichopewa Orlando hakikuwa na maziwa hata tone. Wengi hawalijui hilo, maana ukiitia mdomoni ulimi unakudanganya: ni laini, nzito kidogo, inateleza, ukasema hapa pana malai ya ng'ombe. Ulaini ule ni wa mafuta ya nazi. Pale bandani wanafungua mfuko wa unga uliokwisha kuchanganywa kiwandani, wenye sukari, mafuta ya nazi, ladha ya nanasi na gundi za mimea za kushikisha maji. Wanaukoroga na maji, wanamimina kwenye mashine, basi.

Kwa hiyo mtu wa Tanga kuhangaika na maziwa ili apate kitu kilichotengenezwa kwa nazi, nimecheka kidogo mama, uniwie radhi. Nazi unayo mlangoni.

Nikuibie dakika moja ya historia, wajukuu watakuuliza. Dole ni kampuni ya mananasi. James Dole aliianzisha Hawaii mwaka 1901. Mwaka 1976 ikaanza kudhamini Enchanted Tiki Room, ule ukumbi wa ndege wa bandia wanaoimba kule Disneyland, California, na hapo nje wakawa wanauza juisi ya nanasi. Aiskrimu yenyewe ilikuja miaka ya 1980. Florida inauzwa kwenye banda la Aloha Isle, upande wa Adventureland, na nadhani ndipo mlipopanga foleni. Joto la Orlando mwezi wa saba halina tofauti kubwa na la Tanga mwezi wa pili, kwa hiyo sishangai kwamba katika yote ya kule umekumbuka kitu cha baridi.

Sasa uchungu.

Nanasi ambalo halijapita motoni lina kimeng'enya kinachoitwa bromelaini, na kazi yake ni kukatakata protini. Nacho kinachangia kufanya ulimi uwashe ukizidisha nanasi. Ndiyo sababu pia nyama ngumu ukiipaka nanasi lililosagwa inalainika, sawa na ukiipaka papai bichi. Maziwa yamejaa protini. Ukiyachanganya na nanasi lisilopikwa, kimeng'enya kinaanza kazi palepale, na baadhi ya vile vipande vidogo vya protini vinavyobaki ni vichungu kwenye ulimi. Ukali wa nanasi nao unayakata maziwa. Wewe ukauacha mchanganyiko usiku kucha, na friza ya nyumbani huchukua saa kadhaa kugandisha bakuli zima. Saa zote hizo kimeng'enya kilikuwa kinakula maziwa yako. Baridi haikiui, inakipunguza kasi tu. Ulipoitoa ikalainika, kikaendelea kilipoishia.

Labda utaniambia umesikia Disney wenyewe wanatumia aiskrimu ya maziwa. Ni kweli, kwa ile ya nyumbani. Mwaka 2020, viwanja vyao vilipofungwa kwa ajili ya korona, walitoa maelekezo mafupi: teko moja kubwa la aiskrimu ya vanila, juisi ya nanasi nusu kikombe, na vikombe viwili vya vipande vya nanasi vilivyogandishwa. Saga, kula. Haiwi chungu kwa sababu inaliwa palepale, kimeng'enya hakijapata nafasi. Iweke hiyohiyo kwenye friza mpaka kesho uone. Mimi nimeijaribu, ni nzuri, lakini vanila inalifunika nanasi, na mwisho unabaki unakula aiskrimu ya vanila iliyopitiwa na nanasi.

Kama kuna mjukuu asiyetaka nazi, dawa ya bromelaini ni moto. Chemsha nanasi lililosagwa kwa moto mdogo dakika tano hivi huku unakoroga, liache lipoe kabisa, ndipo ulitie maziwa au krimu. Nanasi la kopo limeshapita motoni kiwandani, nalo linafaa. Ila harufu ya nanasi lililopikwa inaelekea jamu, na wewe unatafuta ile ya nanasi lililokatwa sasa hivi. Ndiyo maana nakusukuma kwenye tui. Tui halina protini ya maziwa, na litakutana na nanasi dakika za mwisho tu, bromelaini inakosa nafasi.

Ugumu wa jiwe una sababu nyingine. Friza yako imewekwa karibu nyuzi 18 chini ya sifuri. Mashine ya bandani inatoa aiskrimu ikiwa kwenye nyuzi kama 6 au 7 hivi chini ya sifuri, na ndani yake kuna jembe linalozunguka bila kupumzika, likikwangua barafu kabla haijakua na kuingiza hewa. Katika aiskrimu laini ya namna ile, hewa inaweza kuwa robo mpaka theluthi ya ujazo wote. Yaani kile kikombe ulichokilipia dola, sehemu yake ilikuwa upepo. Ya kwako haikuwa na hewa, haikukwanguliwa, na baridi yake ni mara mbili na zaidi. Ingekuwaje isiwe jiwe?

Mashine hatuna, kwa hiyo tunageuza kazi: tunagandisha kwanza, tunasaga baadaye. Na sukari itatusaidia. Maji yenye sukari yanagoma kuganda yote, na kadiri chembe za sukari, zile ndogo zisizoonekana kwa jicho, zinavyokuwa nyingi ndivyo yanavyogoma zaidi. Sukari ya kawaida, kila chembe yake ni mbili zilizoshikana. Kwenye asali zimeshaachana. Hivyo gramu moja ya asali inalainisha kuliko gramu moja ya sukari. Vijiko viwili vya asali ya nyuki nitakavyokwambia utie vina kazi hiyo, utamu ni ziada. Usiongeze zaidi, asali ina harufu yake na italipiga nanasi.

Twende jikoni. Kazi hii inaanza jana yake.

Nanasi kwanza, na hapa usiwe na haraka. Nanasi si embe wala ndizi. Likishakatwa shambani haliongezi utamu. Litalainika, litageuka rangi, lakini sukari yake ni ileile liliyotoka nayo. Kwa hiyo ukinunua bichi ukaliweka dirishani wiki nzima unajidanganya. Linuse kitako: kama halinuki kitu, liache. Likiwa zito mkononi kuliko unavyolitarajia, na manjano yake imeanza kitakoni ikapanda, chukua. Lile la kuvuta jani la katikati mimi siliamini, nimeshavuta majani yakatoka kirahisi na nanasi likawa chachu. Kama kuna mtu wenu anakuja kutoka Dar kwa njia ya Bagamoyo, mwambie asimame Kiwangwa, kwenye mananasi. Halafu jua kwamba kitako ni kitamu kuliko sehemu ya juu ya karibu na majani, kwa sababu kinatangulia kuiva. Wakati wa kukata changanya vipande vya juu na vya chini, visije vikakaa upande mmoja.

Nanasi la kilo moja na nusu likimenywa na kutolewa moyo linabaki karibu gramu 700. Pima gramu 600, zinazobaki kula ukiwa unakata. Kata vipande vidogo, ukubwa wa kete ya bao, usizidishe sana hapo. Vitandaze kwenye sinia visigusane, uweke friza mpaka kesho. Vikigusana utapata bonge moja, na bonge hilo ndilo litakaloua blenda yako. Moyo na maganda usitupe: osha vizuri, chemsha na tangawizi na mdalasini, chuja, hiyo ni juisi ya siku mbili.

Sasa tui. Ikune nazi moja kubwa iliyokomaa, ukamue tui la kwanza kwa maji ya vuguvugu kidogo sana, upate mililita 200, yaani kikombe cha chai kasoro kidogo. La pili na la tatu weka la mchicha, hapa tunataka mafuta. Chukua kijiko kimoja cha chai cha kornflawa kilichojaa, kivuruge na vijiko viwili vya tui hilo likiwa baridi. Tui lililobaki litie kwenye sufuria na sukari gramu 80, vijiko viwili vya mezani vya asali na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Likianza kutoa moshi mimina kornflawa, na kuanzia hapo usiondoke. Moto mdogo, upawa uwe unateka na kumimina, unateka na kumimina, kama unavyofanya kwenye wali wa nazi. Wewe si wa kufundishwa tui likikatika linakuwaje. Likiwa zito kama uji mwepesi, epua. Kornflawa hapa inafanya kazi ya zile gundi za kiwandani: inashika maji yasijenge barafu kubwa zinazokwaruza ulimi.

Wengine wanatia ndizi mbivu badala ya hiyo. Inalainisha kweli, lakini ndizi haijui kukaa nyuma. Wajukuu watakula watakuambia bibi, aiskrimu ya ndizi ni nzuri.

Tui likipoa kamulia nusu ndimu, ulionje. Linatakiwa likushinde kwa utamu. Usiogope ukaongeza maji. Baridi inaufisha ulimi, na kitu kilicho kitamu sawasawa kikiwa vuguvugu kitakuwa dufu kikiganda. Funika, weka kwenye friji. Usiliache mezani usiku kucha hata kama limepikwa, unajua tui la nazi linavyochacha kwa joto la kwetu.

Kesho yake, robo saa kabla ya kuliwa, ndiyo unasaga. Toa vipande vya nanasi, viache mezani dakika nane mpaka kumi. Kipimo changu ni kisu: ncha ikiingia kwa kusukumwa kidogo, tayari, ikigoma, subiri. Tui linatangulia kwenye blenda, kisha nusu ya nanasi. Washa kwa kushtua, sekunde tano tano, zima, sukuma kwa mwiko wa mbao kutoka pembeni, washa tena. Likishakuwa uji mzito ongeza nanasi lililobaki kidogo kidogo. Wakati wa kuwasha mwiko uwe nje. Nasema hivyo kwa sababu kwenye kazi yangu ya kwanza, jikoni kwenye hoteli moja huko Unguja, nilijaza nanasi lililoganda mpaka juu, nikawasha, nikaenda kufungua mlango wa stoo. Niliporudi, kwenye mota palikuwa panatoka moshi wa bluu. Nilikatwa mshahara miezi miwili, na haki yao.

Kama blenda yako ni ndogo, ya kusagia nyanya, usiisumbue kabisa. Una ile mashine ya chuma ya kusagia nyama ya sambusa, ya kuzungusha kwa mkono? Ioshe kwa maji ya moto na ndimu mpaka harufu ya kitunguu iishe, kausha, weka kwenye friza nusu saa ishike baridi, kisha pitisha nanasi lako lililoganda humo. Linatoka limesagika laini, linajikunja lenyewe. Unalichanganya na tui baridi kwa mwiko, haraka, na umemaliza. Kwa maoni yangu inatoka nzuri kuliko ya blenda, kwa sababu haipati joto la mota. Na watoto watagombania kuzungusha.

Ikishasagika itakuwa laini kidogo kuliko ile ya bandani. Irudishe friza nusu saa, isizidi dakika arobaini. Wakati huo weka humo pia mfuko wa kupambia keki wenye mdomo wa nyota, pamoja na vikombe. Kisha jaza mfuko, minya ukizungusha kuanzia ukingoni kwenda katikati, upate ule mnara wake. Ukimimina juisi ya nanasi baridi kwenye kikombe kwanza, theluthi moja, halafu ukasimamisha mnara juu yake, hapo umepata ile nyingine wanayoiuza palepale, ya kuelea kwenye juisi. Mimi kati ya mbili naipenda hiyo, kwa sababu inapoyeyuka haiharibiki, inaigeuza juisi kuwa kitu kingine.

Rangi yake itakuwa hafifu, nyeupe iliyopigwa manjano. Ya Orlando imekoza zaidi. Ukitaka ikoze, weka manjano ya unga ya kushika ncha ya kisu wakati wa kupika tui, isizidi hapo. Kwangu siweki, lakini sina wajukuu wa kunikagua.

Na jambo moja nikwambie mapema usije ukavunjika moyo: haitakuwa ileile kabisa. Ya kule nanasi lake linatoka kwenye mfuko, kwa hiyo halina nyuzi na kila siku ladha yake ni moja. Ya kwako itakuwa na nyuzi chache ulimini, itanukia nanasi la siku hiyo, na nazi itasikika nyuma zaidi. Binti yako akitaka kuitengeneza kule aliko, tui la kopo linafaa, mradi asichukue lile lililopunguzwa mafuta.

Umeme. Desemba ni Desemba, ukikatika saa tatu kabla wageni hawajala usiitupe kazi. Nunua barafu ya bonge, hata ile wanayouziwa wavuvi, maana haitagusa chakula. Ivunje ndani ya gunia kwa mchi, ijaze kwenye ndoo, uinyunyizie chumvi ya mawe, kwa makadirio ya kopo moja la chumvi kwa makopo matatu ya barafu. Chumvi inaifanya barafu iyeyuke, na inapoyeyuka inanyang'anya joto kila kilicho karibu. Ndoo inaweza kushuka mpaka nyuzi 15 chini ya sifuri au hata zaidi. Zamisha humo sufuria nyembamba yenye mfuniko, ndani yake mchanganyiko wako, uwe unafunua na kukwangua pembeni kila dakika tano. Kabla ya mafriza aiskrimu ilitengenezwa hivi duniani kote, na yule mama wa Kimarekani, Nancy Johnson, aliyepewa hataza ya mashine ya mkono mwaka 1843, alichofanya ni kuitia ndoo hiyohiyo mpini na jembe. Kwa njia hii hata nanasi ambalo halikugandishwa kabla linakubali, ila uwe na subira ya nusu saa hadi dakika arobaini na tano. Angalia tu maji ya chumvi yasiingie sufuriani. Tone moja linatosha kukuharibia.

Vipimo nilivyokupa vinatoa vikombe vitano hivi vya kiasi. Kwa watatu na wewe vinatosha na kuna wa kurudia. Usisage yote kwa mpigo ukifikiri utaiweka ya jioni. Saga ya sasa, vipande vingine vya nanasi na tui lako viache vilivyo. Ikitokea imesagwa na imebaki, ukairudisha friza ikaganda, itoe dakika ishirini, katakata, isage upya, italainika. Mara ya pili inakubali, mara ya tatu inakuwa chengachenga za barafu.

Au uachane na kuilainisha. Mimina mabaki kwenye vikombe vidogo au vifinyango, chomeka vijiti, rudisha friza mpaka kesho. Hizo watoto wanaramba barazani mchana, na lambalamba ikiwa jiwe hakuna atakayekulaumu.